Palahala wa Peke Yake na Daftari la Kumi na Moja

Marahaba, wanangu. Ujumbe wenu nimeusoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimevaa miwani. Mnasema mmehesabu wanyama misimu mitatu, karatasi zimejaa, na sasa mnamtafuta mtu wa takwimu awasaidie kujua karatasi hizo zinasema nini. Mmesikia kwamba mimi niliwahi kumtafuta mtu wa namna hiyo nikampata. Ni kweli nilimpata, na nilimwonea wivu mpaka ugali wa nyumbani kwangu ukawa haupiti kooni. Nitawaeleza jinsi ya kumtafuta, ila huo wivu nautanguliza, maana mimi hakuna aliyenionya. Nilidhani ni ugonjwa wa wake wenza.

Kwa wasionijua, naitwa Mrisho Maganga, mzaliwa wa Ziba, bwana nyama mstaafu, yaani mlinzi wa wanyamapori. Miaka kumi na tisa ya mwisho ya utumishi wangu niliimalizia katika pori hilohilo mnalotembea ninyi, kusini ya Urambo, nikihesabu palahala, wale swala wakubwa weusi wenye pembe zilizopinda nyuma. Kila kiangazi, majani yakishaungua na kabla mvua haijaanza, tulitembea mistari ileile sita, tukaandika kila tulichokiona.

Tulikuwa wawili. Mwenzangu aliitwa Shija Kasubi, mrina asali, amenizidi miaka saba, nami nilimwita kaka. Hakuwa mwajiriwa wa kudumu. Nilimwomba kila mwaka, naye kila mwaka alikuja. Alitangulia mbele. Mimi nilifuata na dira mkononi, daftari kwapani na kokoto kumi mfuko wa kulia. Kila hatua mia, kokoto moja inahamia mfuko wa kushoto. Ninyi mna kifaa kinachozungumza na setilaiti. Sisi tulikuwa na mifuko iliyotoboka. Na mtu anayehesabu hatua zake hana macho ya kuhesabu kitu kingine. Kwa hiyo tuligawana. Shija aliona, akainua mkono, akatazama kwa utulivu, kisha akanitajia idadi kwa sauti ya chini. Mimi niliandika idadi, upande na umbali.

Mara mojamoja niliinua kichwa nikahesabu kumi na mbili, naye akasema kumi na moja. Niliandika kumi na moja. Yule bwana aliona nyuki wakiingia kwenye tundu la mti wakati mimi mti wenyewe sijauona. Ningebishana naye kwa macho gani?

Msidhani sikuwa na makosa kabla yake. Mwaka wangu wa kwanza, bado kijana, nilipewa mstari wa kuhesabu nikaona heri nitumie ile njia ya zamani ya misafara, iliyokuwa ikitoka Ujiji kuja Tabora, kwa kuwa sehemu zake bado zinapitika na miguu haiumii. Nilitembea siku nne nikaleta karatasi nyeupe. Mkubwa wangu wa wakati huo, mzee mmoja wa Nzega asiyejua kucheka, aliitazama akaniuliza, "Wewe ulikuwa umebeba pembe za ndovu?" Nikasema sikubeba kitu. Akasema, "Njia hiyo waliikata wapagazi waliokuwa wakikwepa mabonde na matope. Wanyama wako mabondeni. Sasa wewe umehesabu nini, wapagazi?" Tangu siku hiyo mistari yangu ilikata popote ilipokata, kwenye miiba na kwenye maji. Mstari ukikufurahisha, jua unakudanganya.

Sasa niwaeleze sababu ya kumtafuta mtu wa takwimu. Nilikuwa nimebakiza miezi michache kustaafu nilipoitwa nikaambiwa kwamba pori letu linafikiriwa upya. Kama palahala wamekwisha, hakuna haja ya kulilinda. Ligawiwe, lilimwe tumbaku. Nikasema hawajakwisha, ninayo madaftari. Ofisa aliyekuja, kijana mpole tu, akaniambia, "Mzee Maganga, madaftari yako kwetu bado ni hadithi. Tuletee mtaalamu wa takwimu ayapitie, aandike taarifa, aweke sahihi. Mpaka masika yaishe." Nilitoka pale nikijua mambo mawili: nisipompata mtu huyo, pori limekwenda, na miaka yangu kumi na tisa imekwenda nalo.

Niliandika barua. Wa kwanza alinipigia simu kutoka mbali, akanisifu sana, kisha akauliza jina lake litakaa wapi kwenye jalada. Hakuuliza tulitembeaje wala tuliona nini. Wa pili alikuja mpaka Tabora, viatu vyake vimechongoka mbele, akafungua madaftari mawili, akayafunga. Akaniuliza mbona kuna mwaka mmoja hauna hesabu. Nikamwambia Shija alikuwa mgonjwa. "Aa, jaza wastani," akasema, "nani atajua?" Maneno hayo yalinichoma kuliko alivyokusudia, kwa sababu ya daftari moja nitakalolieleza mbele kidogo. Nilimpa soda nikamsindikiza stendi. Mtu asiyeuliza maswali, au anayeuliza asijali jibu, msimpe karatasi zenu, hata akiwa na shahada zinazojaza ukuta.

Wa tatu alikuwa amekaa mtaa wa pili siku zote hizo.

Madaftari yangu yale magumu niliyanunua kila mwaka kwenye duka moja la Wahindi hapa mjini Tabora, karibu na soko. Mwenye duka alikuwa na binti, Nasrin, ambaye utotoni alikaa nyuma ya kaunta akipanga vifungo vya nguo kwa rangi na ukubwa, anavihesabu, anavichanganya, anaanza upya. Alikua, akasoma, akawa mwalimu wa takwimu chuoni. Siku moja nilikwenda kununua bahasha za barua zangu, baba yake akaniuliza nawaandikia akina nani. Nilipomweleza akanitazama kwa huruma. "Maganga, unahangaika na Dar es Salaam yote, na Nasrin yuko likizo hapo juu anakunywa chai?"

Nilirudi na gunia. Nasrin alishuka, akafuta mikono kwenye mtandio wake.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama."

"Yote haya ni hesabu?"

"Kumi na nane."

"Baba amesema miaka kumi na tisa. Mbona madaftari kumi na nane?"

"Mwaka mmoja hatukuhesabu. Shija alianguka kwenye mti akirina, akavunjika mguu."

"Pole yake," akasema, akaandika pembeni. Mnaona? Hajakaa hata kwenye kiti, tayari ameshika penye jeraha.

Nilikuwa nimetaka kuyanakili upya yawe safi kabla ya kumpa. Akakataa kabisa. Alitaka uchafu wote: damu ya mbung'o kwenye kurasa, mstari niliokata nikaandika juu yake, siku nilizoandika neno moja tu, "hakuna". Hizo siku za "hakuna" zilimfurahisha kuliko siku za makundi makubwa. Alisema watu wengi huziacha, na mtu akiziacha pori linaonekana limejaa wanyama wakati limejaa upepo. Kwa hiyo na ninyi siku mliyotoka kapa iandikeni. Miguu ilitembea, ni siku ya kazi.

Siku tatu nilikuwa mtu mwenye furaha. Nilikwenda dukani asubuhi, nikaketi kwenye kreti la soda, akaniuliza, nikajibu kwa madaha. Siku ya nne akaniambia, "Mjomba, mwaka wa saba ulikuwa unaumwa. Kuanzia mstari wa tatu mwandiko wako umelala." Ni kweli, mwaka ule nilitembea na malaria wiki nzima na sikumwambia mtu, hata mke wangu. Badala ya kufurahi kwamba nimesomwa na mtu makini, nilijisikia kama mtu aliyekuta nguo zake za ndani zimeanikwa barabarani. Hapo ndipo wivu ulipoingia. Ninyi mtadhani ni wivu wa elimu yake. Elimu yake haikunisumbua. Kilichonisumbua ni kwamba madaftari yalikuwa yangu, na sasa kulikuwa na mtu anayeyajua kunizidi.

Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu alikuja, mwenyeji nikaugua.

Wiki ya pili alinionyesha mchoro. Alikuwa amesimamisha nguzo fupi na ndefu: makundi ya palahala wanne mangapi, watano mangapi, sita, mpaka makubwa kabisa. Akaweka kidole mwanzoni kabisa, mbali kabla ya nguzo ya wanne. Pale palikuwa peupe.

"Hapa ni mahali pa mmoja," akasema. "Hapana kitu. Miaka yote hii hamjakutana na palahala wa peke yake hata siku moja. Madume wazee wakifukuzwa kundini wanakwenda wapi?"

Nilijua wanakokwenda. Wanasimama peke yao ukingoni mwa mbuga, wanatazama majani. Niliwaona kwa macho yangu, si mara moja. Nikimwonyesha Shija aliniambia, "Huyo ni wa kundi la nyuma, tumeshamhesabu," nami nikaendelea na kokoto zangu.

"Labda hawakuonekana," nikasema.

"Wengine wote wameonekana, hao tu ndio wajifiche?" Hakuwa ananidhihaki. Alikuwa anafikiri. "Naweza kuzungumza na Babu Shija?"

Babu Shija. Hajamwona hata uso, tayari ni babu. Mimi, aliyenifahamu tangu enzi za vifungo, nilibaki mjomba.

Tulikwenda Urambo, na njiani nikamsimulia zile kumi na mbili zangu zilizokuwa kumi na moja kwa Shija. Shija alikuwa nje kwake anasafisha mzinga. Nasrin akamwamkia, "Mwangaluka, babu," Kinyamwezi cha dukani lakini kimetoka vizuri, na yule mzee, ambaye mimi ilinichukua mwaka mzima kumwona meno, akacheka mpaka akakaa chini. Siku ya kwanza alimwonjesha asali ya aina tatu na kumweleza kila moja imetoka kwenye maua ya mti gani. Mimi asali ya Shija niliila miaka kumi na tisa, sikuwahi kuelezwa chochote zaidi ya "kula". Nilikaa pembeni nikilamba kidole, utamu wote umegeuka shubiri.

Siku ya pili Nasrin aliuliza bila kuzunguka. "Babu, ukiwaona kumi na mbili, ulimwambia mjomba wangapi?"

Shija alinitazama mimi kwanza. Kisha akamtazama yeye. "Kumi na moja," akasema.

"Na ukimwona mmoja?"

"Sikusema kitu. Au nilimwambia tumeshamhesabu."

"Kwa nini, babu?"

"Ukihesabu wote umewafungia njia wanaokuja. Hata asali hatukombi. Tunabakiza ya nyuki. Katika kila kundi mmoja ni wa mwenye pori. Huyo humtaji, ndiye atakayeleta wengine. Sasa wa peke yake ukimtaja, umebakiza nini?"

Wanangu, mimi ni mtoto wa wafugaji wa Ziba. Baba yangu aliulizwa idadi ya ng'ombe wake na kila aliyepita, na hakuna aliyewahi kupata jibu la kweli. Mimi mwenyewe nilichapwa nikiwa mdogo kwa kuwanyooshea ng'ombe kidole nikiwahesabu kwa sauti. Kama kuna mtu mmoja nchi nzima aliyepaswa kulijua jambo lile bila kuambiwa, ni mimi. Nikatembea nyuma ya mgongo wa Shija miaka kumi na tisa bila kulijua, na mtoto wa dukani akalipata kwa kutazama mahali peupe kwenye karatasi.

Njiani kurudi Nasrin alikuwa mnyonge. Alisema makundi anaweza kuyarekebisha, kila moja akaongeza mmoja. Wa peke yao ndio hawawezekani. "Hawakuandikwa, mjomba. Nikikisia nitakuwa nimetunga, na wakinibana sitakuwa na jibu. Nitalazimika kuandika kwamba madaftari hayatoshi." Akaniuliza, "Hakuna hata msimu mmoja uliohesabu wewe mwenyewe, bila babu?"

Nikasema, "Hakuna."

Sasa lile daftari. Mwaka wa kumi na moja, Shija alipovunjika mguu, sikukaa nyumbani. Nilitembea mistari yote sita na askari mmoja aliyebeba bunduki na kupiga miayo. Nilihesabu mwenyewe. Ilipoisha, idadi ilikuwa imepanda, na kurasa zilikuwa zimejaa madume wa peke yao, moja, moja, moja. Mkubwa wangu wa mwaka ule aliipitia akacheka mbele ya wenzangu, akasema Maganga akikosa Shija anaona mapacha. Nami nikamwamini. Nikalifungia daftari sandukuni chini ya sare ya zamani, nikaandika kwenye taarifa kwamba mwaka ule haukuhesabiwa. Mficha maradhi, mnajua mwisho wake.

Nasrin aliponiuliza nilijua palepale nina nini sandukuni. Ndilo daftari pekee lililoandika pori kama lilivyo. Na nikamnyima. Ninaweza kuwaambia niliona aibu, na aibu ilikuwepo, lakini sitawadanganya. Ulikuwa ni wivu. Ameshanipokonya madaftari kumi na nane, ameshanipokonya Shija, na sasa nimpe na la mwisho ili ajue kwamba nilikuwa na ukweli mkononi nikautupa? Nilipomtafuta mshirika, nilichotaka hasa ni shahidi wa kusema Maganga hakukosea. Mshirika ni kitu kingine kabisa.

Nilikaa na daftari lile siku nane. Masika yalikuwa yanaelekea ukingoni. Nasrin aliniletea habari kwamba ameanza kuandika barua ya kusema haiwezekani. Mke wangu alinitazama naumega ugali na kuurudisha kwenye sahani.

"Unamwonea wivu mtoto wa dukani," akasema.

"Simwonei."

"Basi kula."

Siku ya tisa nilikwenda kwa Shija, na niseme wazi nilikwenda kugombana. Sikungoja hata kukaribishwa.

"Kaka Shija, mimi miaka yote ile hukuniambia. Yule kwa siku mbili umemwambia."

"Yeye aliuliza," akasema. "Wewe ulikuwa unaandika."

"Nilikuwa nakuamini."

"Ndiyo. Mtu anayekuamini unaanzaje kumwambia?" Aliendelea kusuka kamba yake ya gome. "Mwaka wa mguu wangu ulihesabu mwenyewe."

"Nilihesabu."

"Na wa peke yao uliwaandika."

"Wote."

"Nilijua. Nilikuwa nimelala hapo ndani nasema, sasa ameshanijua. Mwaka uliofuata ukaja, nikadhani umekuja kunigombeza. Ukanipa mkono, ukasema kaka twende. Nikasema basi, ameona na amekubali tuendelee kubakiza."

Miaka minane zaidi tulitembea, yeye akidhani tumepatana na mimi nikidhani macho yangu mabovu.

"Nilikuamini wewe kuliko macho yangu," nikamwambia.

"Hilo ni kosa lako," akasema Shija, "usiniwekee mimi." Kisha akaniuliza daftari liko wapi. Nilipomwambia liko sandukuni aliacha kusuka. "Na pori likigawiwa, Mrisho, huyo mmoja tuliyekuwa tunambakiza atakaa wapi?"

Nilipanda basi la kurudi nikiwa sina ugomvi wowote uliobaki wa kujishikilia. Nikalitoa daftari, nikaenda nalo dukani likiwa linanuka dawa ya mende. Nasrin alilifungua katikati. Akasoma ukurasa mmoja, akasoma wa pili, akakaa kwenye kreti langu la soda.

"Mjomba, hili ndilo."

"Najua."

"Ulijua tangu siku ile ya njiani?"

"Nilijua. Nilikuwa nakuonea wivu."

Nilidhani atakasirika, na alikasirika. Alilipigapiga jalada kwa kidole. Halafu akasema, bila kuniangalia, "Ulikuwa ukija hapa kila mwaka unanunua daftari moja, unaondoka kwenda porini. Mimi nabaki na vifungo. Unafikiri ni wewe peke yako unayejua wivu?" Akanituma nimletee chai, nami nikaenda, mtu mzima na nywele zangu nyeupe.

Daftari lile lilimwonyesha, kwa kila idadi ya makundi, wa peke yao ni wangapi. Lakini alisema mwaka mmoja ni mguu mmoja, hausimami. Alitaka sisi wawili turudi tutembee, kila mtu ahesabu kivyake, aweke alama kwenye karatasi yake, bila kusemezana. Hiyo njia ishikeni. Watu wawili wasioulizana wana thamani kuliko kumi wanaokubaliana. Ofisa akatuongezea muda mpaka kiangazi, na majani yalipoungua tukaingia porini, Shija na fimbo mbele, mimi katikati, Nasrin nyuma na viatu vipya vilivyomtoa malengelenge, nami sikumwonea huruma sana.

Ilikuwa kama alivyotabiri. Kwangu tisa, kwa Shija vijiti vinane. Kwangu kumi na tano, kwake kumi na vinne. Siku ya tano, ukingoni mwa mbuga, alisimama dume mmoja, mzee, pembe moja imevunjika ncha. Sisi watatu tukasimama. Niliandika moja. Kisha nikamwona Shija anatoa penseli yake, anaitazama karatasi muda mrefu, na kuchora kijiti kimoja.

Nasrin alikuwa amemwomba asubuhi ile, mara hii tu, amtie na wa peke yake. Kwangu mimi hakuwahi kumtia hata mmoja. Nasema kweli ya Mungu, pale porini, na kazi yangu yote ikiwa inaokolewa mbele ya macho yangu, kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa wivu. Cha pili kilikuja polepole, na kilikuwa kizuri zaidi, lakini hakikuwa cha kwanza.

Taarifa ilikubaliwa. Pori halikugawiwa, ndiyo maana ninyi mna mahali pa kutembea na maswali ya kuniuliza. Nasrin alileta nakala ya kwanza Urambo yeye mwenyewe, tukaketi kwa Shija, asali mezani. Kwenye jalada aliandika majina. La kwanza lilikuwa la Shija. La pili langu. Lake la mwisho, na nikiri nililipima kwa macho kuona kama herufi zake ni kubwa kuliko zangu.

Shija hasomi. Aliniuliza, "Mmeandika majina mangapi?"

"Matatu, kaka."

Akalirudisha jalada kwangu kwa upole. "Toeni langu. Yabaki mawili. Msimalize."

Nasrin alinitazama. Miezi michache nyuma ningefurahi kusikia jina lolote linatolewa, na mnajua ningechagua lipi. Nilichukua kidole cha Shija, kigumu kwa kupanda miti, nikakiweka juu ya jina lake, nikakipitisha kwenye langu, nikakifikisha kwenye la Nasrin.

"Hapana, kaka," nikamwambia. "Hapa tunahesabiwa wote."